Kapteri Iliyochelewesha Ndoa Yangu

Nakumbuka asubuhi ya ndoa yangu, nimesimama kwenye garaji ya Papa Ngabu hapa Bunia, suti mwilini, nikimbembeleza fundi aiachilie kamio, lori la kutupeleka arusini. Korali nzima ya kanisa ilikuwa imeshapanda nyuma, wanaimba. Mama yako, mwanangu, alikuwa Tchomia, kule chini ziwani, amevaa shela, anatungoja.

Unacheka? Cheka. Lakini jana umeniambia kwamba moteri mpya ya gari lako imekaa vizuri, na ile kapteri ya mwendo uliyopewa na muuzaji imeingia bila shida. Neno hilo, "imeingia", ndilo limenifanya nikuite.

Kamio ilikuwa ya baba mudogo, ya zamani sana. Moteri yake ya kwanza ilikufa tukitoka Mambasa na mbao. Akapata nyingine, ya kisasa, yenye akili ya umeme. Sasa akili ile inataka kujua gari linakimbia namna gani, na kamio yetu ilijua tu kuzungusha waya wa konteri, ile saa ya mwendo mbele ya shofere. Ndiyo kazi ya kapteri: kachombo kadogo kwenye bwate ya vitesi, sanduku la gia; magurudumu yakizunguka, kenyewe kanaipigia moteri alama. Muuzaji alitupa moja. Ikaingia. Moteri ikawaka, mshale wa konteri ukacheza. Mimi nikasema tumemaliza, twende.

Papa Ngabu alikuwa mtu wa tumbo kubwa na maneno mengi, anafokea hata kuku wakipita garajini. Lakini kazi ya mikono yake, ee Mungu wangu, sijaiona tena! Na alikuwa na sheria yake: kamio yoyote iliyotoka kwake, mteremko wa kwanza anashuka nayo mwenyewe, ameketi mbele na shofere. Siku ile alikuwa mwalikwa pia, yeye na mkewe. Shati lake jeupe lilining'inia kwenye msumari.

Akashusha watu wote. Tukaenda kwenye njia tambarare, akamwambia mtu wa pikipiki akimbie sambamba nasi na kutupigia kelele mwendo wake. Kumbe konteri yetu ilionyesha nusu tu ya mwendo ule! Kisha akamwambia shofere akate gia, moteri izunguke peke yake, aache mwendo upungue. Moteri ikazima yenyewe. Bila nguvu ya moteri, usukani ukawa mgumu, breki nayo ngumu.

"Papa, hiyo iko jambo kidogo," nikamwambia. "Shofere atawasha tena. Wazee walisema, mchagua jembe si mkulima."

Akanigeukia. "Mukulima akikosea jembe, analala njaa. Siye tukikosea hii kwenye kona ya mulima, na watu nyuma? Weye unataka bibi, ao unataka matanga?"

"Lakini imeingia, Papa!"

"Hata kidole kinaingia mu pua. Kinafanya kazi gani mule?"

Watu wa garaji wakacheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Akanieleza taratibu kwamba kapteri ile haikuwa mbovu, ila ilikuwa imetengenezewa moteri nyingine. Yetu ilingoja alama nyingi, ile ikaipa nusu, na tukienda polepole moteri ikaamini tumesimama, ikashusha nguvu mpaka ikazima. "Usiulize nini inaingia," akasema. "Uliza moteri inangoja nini, na bwate inaweza kutoa nini. Kisha utafute kitu cha kuwapatanisha."

Basi akaondoka kwenda kwa fundi mwenzake, barabara ya Mambasa, ambako kulikuwa na kamio iliyokufa, yenye moteri kama yetu na bwate kama yetu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na Papa Ngabu, na tumbo lile, aliinama. Alitoka chini ya ile kamio na vumbi mpaka kwenye kope, kapteri mkononi, anatabasamu kama bwana arusi ni yeye. Akaifunga, akamwita tena mtu wa pikipiki. Mwendo ukalingana. Shofere akakata gia, moteri ikaendelea kunguruma. Jua lilikuwa limeshapita utosini, na mimi nilikuwa karibu kulia kwa ajili ya mama yako.

Korali wakapanda tena. Papa Ngabu akavaa shati jeupe, akamwita mkewe. "Mama Lotsove, kuja ukae mbele, kati yangu na shofere." Mimi nikabanwa mlangoni.

Tulipopita Bogoro, mteremko ukaanza, ziwa likaonekana. Kwenye kona, ng'ombe! Wamejaa barabara nzima. Shofere akakanyaga breki, akakata gia. Papa Ngabu akafumba macho, akasikiliza. Moteri ikashusha sauti, lakini haikuzima. Breki ikashika, usukani ukageuka mwepesi, tukasimama. Nyuma, korali hawakukata hata neno moja la wimbo wao. Hawakujua kitu. Mpaka leo wengi wao hawajui, na mimi nikiwaona kanisani namkumbuka yule mzee.

Tchomia tulimkuta babu yako, baba ya mama yako, kwenye mlango wa kanisa, amekunja uso. Papa Ngabu akatangulia. "Muzee, ni mimi nimewachelewesha. Ukasirike na mimi." Akamweleza yote. Babu yako akawatazama akina mama wa korali wakishuka na watoto mgongoni.

"Mumefika wote?" akauliza.

"Wote, muzee."

"Basi hamukuchelewa."

Kawia ufike, mwanangu. Nenda kaitoe hiyo kapteri. Uulize moteri yako inangoja nini, uijaribu njia tambarare kabla ya mulima, na mteja akikuharakisha, mwache akasirike. Mungu aibariki mikono yako, akulinde kwenye kila kona, na wanaokungoja wakuone unafika. Na siku ya kushuka mara ya kwanza, uniite. Nitaketi mbele, mimi na mama yako.