Mlio wa Kumpumzisha Mbwa

Mimi ni mtu wa ndani. Ukoo mzima unanijua hivyo, ndugu yao ambaye safari yake ndefu ni kwenda kuanua nguo kambani. Nashona nyumbani, pembezoni mwa mji wa Dodoma. Wateja wanakuja dirishani, maji yanatoka bombani siku yakijisikia, na ukuta ninao. Nikishafunga geti najiona mtu aliyefanikiwa. Kidato cha nne sikufanya maajabu, ila wangetahini kukaa ndani ningepata daraja la kwanza.

Kwa hiyo baba alipopata kiharusi kule kijijini kwetu Chemba, sikuhitaji kufikiri. Aje kwangu, akae. Nani asiyependa kukaa?

Baba alikuwa amechunga tangu akiwa mtoto mpaka mkono na mguu wa kushoto vilipogoma na mdomo ukaenda upande. Ng'ombe na mbuzi wake wakagawanywa kwa kaka zangu. Alikubali kuja mjini kwa sharti moja, mbwa wake aje naye.

"Mbwa wa machungani anakuja kufanya nini mjini, baba?"

"Na mimi je, mama? Nakuja kufanya nini?"

Nikamwambia kaka ampakie mbwa kwenye pikapu.

Mbwa mwenyewe hakuwa na sura ya kumtisha mtu. Rangi ya vumbi, sikio moja limechanika, miguu mirefu kuliko mahitaji. Jina hakuwa nalo. Baba alimwongoza kwa milio, ile ya lugha yetu, ya kubana ulimi kwenye kaakaa na kuuachia ghafla, ambayo wageni wakiisikia hudhani tunatafuna mifupa. Mlio huu aende kulia, huu azunguke nyuma, huu asimame. Jioni, mnyama wa mwisho akishaingia zizini, baba alisimama mlangoni akapiga ule wa kufungia siku, mzito, kama kizibo kinachong'oka kwenye chupa, mara mbili. Mbwa alilala palepale alipo, kama redio iliyokatiwa umeme. Kabla hajausikia, kazi kwake haijaisha. Hata umwekee chakula mbele ya pua, hali.

Mimi milio hiyo niliiacha utotoni, nilipopelekwa kusoma bweni. Nikiijaribu sasa natoa sauti ya mtu anayemsonya wifi yake.

Siku ya tatu tangu wafike, jioni, nilisikia vishindo getini. Wakaingia mbuzi sita wa jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, wamejipanga kama wanakwenda kliniki. Nyuma yao mbwa, kichwa chini, anakwenda huku na huku bila kubweka. Akawasogeza mpaka kwenye tangi la maji, akawabana hapo, kisha akageuka kumtazama baba.

Baba alikuwa uani kwenye kiti cha plastiki, fimbo yake ya kuchungia katikati ya magoti. Nilimwona anavuta pumzi, anaweka ulimi sawa. Mate yakamtoka. Akafuta kwa kiganja, akajaribu tena. Ikatoka pumzi tupu. Mbwa akasimama vilevile, sikio zima limesimama na lile bovu linajitahidi.

Jirani akaja, mikono kiunoni.

"Hodi. Naona mbuzi wangu wamekuja kupima nguo."

"Karibu, mama. Wameletwa na mbwa."

"Mwambie kesho awalete na hela ya kitambaa." Akamgeukia baba. "Shikamoo, mzee. Kumbe na wewe umehama na kazi yako."

"Marahaba," baba akasema, na nusu ya uso wake ikacheka.

Ilichekesha kama wiki mbili. Kila jioni mbuzi walikuja, na kila jioni jirani alikuja kuwachukua na neno jipya. Akaletwa ndama wa watu nisiowajua. Siku moja mteja wangu mmoja mnene, aliyefuata gauni la harusi, alizungukwa akasogezwa hatua kwa hatua mpaka kwenye tangi, akasimama hapo katikati ya mbuzi huku anauliza kwa upole kama anaruhusiwa kuondoka.

Kisha mbuzi mmoja mwenye mimba alisukumwa kwenye mtaro akavunjika mguu, na mimba ikatoka. Jirani siku hiyo hakuja na utani. Alikuja na mwenyekiti wa mtaa.

"Dada," mwenyekiti akaniambia, "mimi sina ugomvi na mnyama. Lakini nikimwona barabarani tena, namwita mtu mwenye bunduki. Mfunge."

Nilitaka mbwa arudi Chemba. Kaka zangu wakasema walishamjaribu, hamsikii mtu mwingine yeyote. Na baba akasema, "Akirudi, pikapu ni ileile. Tutaenea wote."

Basi nikaanza kufunga. Kamba aliikata siku ya kwanza. Mnyororo aliuzungusha kwenye mti mpaka shingo ikawa kidonda. Nikamfungua, nikaziba chini ya geti kwa kokoto, akapanda rundo la tofali lililobaki tangu nijenge, akaruka ukuta. Nikahamisha tofali moja moja mimi mwenyewe, mtu ambaye hata ndoo ya maji huwa naijadili kwanza. Akachimba penye kona.

Mwishowe nilijenga banda, mirunda, wavu mzito wa chuma, bati juu, sakafu ya saruji ili asichimbe, komeo nene. Nikaweka maji, nikatandika magunia. Lilikuwa na kivuli kizuri kuliko chumba changu cha kushonea. Nikasimama nikalitazama, na sitadanganya, nililionea wivu.

"Unalionaje, baba?"

"Zuri. Na langu liko wapi?"

"La kwako lina feni."

Alicheka tena kwa nusu ile. Na mimi nikacheka. Nilidhani tunataniana.

Mbwa aliingia humo akaanza kuzunguka. Alizunguka kwa kulia, akifuata wavu, hatua zilezile, asubuhi mpaka jioni, mpaka kwenye saruji kukawa na mstari wa uchafu wa nyayo zake. Chakula alikipita. Nilimpa dagaa, nikampa makombo ya nyama, nikampa hata ugali wa uwele aliozoea kijijini. Alikula baba akimlisha kwa mkono kupitia wavu, tonge mbili tatu, jicho liko getini.

Nikaelewa kwamba hajafunguliwa kazi tangu siku ile baba alipougua. Miezi mitatu yupo zamu. Kilichohitajika ni mlio mmoja tu, na mdomo wa kuupiga ulikuwa umekwenda upande.

Nilimpigia kaka, nikaiweka simu kwenye wavu. Kaka akapiga mlio kutoka Chemba, ukatoka kwenye spika kama tone la maji kwenye sufuria. Mbwa akasimama, akainusa simu, akaendelea kuzunguka.

"Nifundishe mimi," nikamwambia baba.

"Wewe?"

"Yuko mwingine hapa?"

Tukawa tunafanya mazoezi, mimi kwenye cherehani, yeye kwenye kiti chake mlangoni. Alinibonyeza shavu kwa kidole cha mkono mzima.

"Ulimi nyuma. Hapo unaita kuku."

"Hapo je?"

"Hapo unamfukuza."

Wateja wakasikia dirishani, wakauliza kama nina jino bovu. Nilipika huku napiga, niliosha vyombo huku napiga. Baba alikaa na fimbo yake akinisikiliza, na kila jioni saa kumi alitaka kiti chake kitolewe uani, akae akitazama geti, kama zamani alivyosubiri mifugo irudi. Nilifurahi. Nilisema amepata shughuli. Mbwa kwa muda huo alikuwa amebaki mbavu na ile mizunguko.

Siku yenyewe ilipofika, sikuitambua. Nilikuwa nimetoka na beseni kwenda kuanua nguo. Baba kwenye kiti, mbwa bandani anazunguka, upepo una vumbi kama kawaida yake. Nikabana ulimi bila hata kufikiri, nikauachia. Ukatoka mzito, kamili, mara mbili. Niliusikia mwenyewe nikashtuka, maana ulikuwa wa baba, si wangu.

Nikamtazama mbwa. Hakusimama. Hata lile sikio zima halikugeuka. Akapita mbele yangu kwenye mstari wake, akapita tena. Nikapiga mara ya pili, ya tatu, nimeng'ang'ania wavu kwa vidole. Nikajua nimechelewa. Hakuwa anasubiri tena. Alikuwa anazunguka tu.

Nyuma yangu nikasikia kiti kinasogea. Baba alikuwa anajiinua. Akaiegemeza fimbo ukutani, taratibu, kama mtu anayekabidhi kitu cha ofisi.

"Nipeleke ndani, mama."

"Mapema hii? Jua bado."

"Nipeleke."

Nikamshika, nikampeleka kitandani. Akalala akageukia ukutani. Nilidhani amechoka. Kesho yake saa kumi nikatoa kiti uani, nikakipangusa vumbi, nikaenda kumwita.

"Baba, kiti tayari."

"Cha nini?"

"Si ukae nje, kama siku zote."

Akanitazama kwa lile jicho linalofunguka vizuri, bila hasira.

"Si umepiga mwenyewe? Nimesikia. Kazi imeisha."

Maisha yake yote yeye ndiye aliyepiga ule mlio. Hakuna aliyewahi kumpigia. Nikamweleza kwamba ulikuwa wa mbwa, kwamba nilikuwa najaribu tu, kwamba hata sikuukusudia. Nilieleza mpaka nikasikia mwenyewe ninavyoongea kama mtu aliyevunja kikombe cha watu. Akaniacha nimalize.

"Umepiga vizuri," akasema. "Sikudhani utaweza."

Tangu hapo hatoki. Anakula tonge mbili tatu nikimlisha. Anapenda dirisha lifungwe. Kaka zangu wakipiga simu wanauliza mzee anaendeleaje, nasema yupo ndani, anapumzika, na wananisifu kwamba namtunza.

Jirani aliniambia siku hizi mtaa umetulia. Akaniuliza kwa nini komeo la banda liko wazi, siogopi? Nimeliacha wazi wiki ya pili sasa. Nimefungua na geti. Mbwa anafika kwenye mlango wa banda, anaupita, anaendelea kuzunguka kwa kulia.