Kamba Yetu ya Bembea

Nilinunua kabati la mtarakwa bila kupima mlango. Sasa limekwama kwenye korido, na kila asubuhi mimi huenda bafuni kwa ubavu, pua ikisugua mbao.

Harufu ya mbao hizo ndiyo ya msitu ulio juu ya mtaa wetu wa Nakuru, ambako jirani yetu, mama asiyejua kunyamaza, alikuwa akitupeleka watoto wa ploti Jumamosi. Mimi kutembea sikutaka hata wakati huo. Kilichonivuta ni bembea tuliyoifunga kwenye mtarakwa mmoja mkubwa, kwa kamba ya bluu.

Jumamosi moja, mahali pa mti wetu tulikuta kisiki. Utomvu bado ulinata vidoleni. Jirani alitugawia chapati tukiwa tumekizunguka, na hata mimi, mlafi kuliko wote, sikumaliza yangu.

Tukishuka, askari wa msitu akatusimamisha kwenye geti.

"Toeni kila kitu mfukoni. Hii msitu si ya mama yenu."

Nikatoa unyoya wa kanga niliouokota njiani. Akauvunja mbele yangu, akanishika sikio. "Nyinyi ndio mnamaliza msitu, wezi wadogo."

Nyuma yetu lori likapiga honi. Turubai lililofunika mzigo lilikuwa fupi, na kwenye gogo lililochomoza ilining'inia kamba yetu ya bluu. Askari aliachilia sikio langu, akakimbia kufungua geti, akapiga saluti. Saluti hiyo, nikiikumbuka, bado nasaga meno.

Jirani alingoja vumbi litulie, akamwambia askari: "Boss, makosa ya hawa watoto ni kukuja na miguu."