Filamu Isiyo na Mtafsiri

Jumapili ile tulikuwa wanne sebuleni kwetu Bigwa: mimi, mdogo wangu wa kiume anayesoma chuo, mdogo wetu wa mwisho ambaye ni binti wa kidato cha nne, na bibi aliyeshuka mlimani na ndizi zake. Nilinunua bando la intaneti ili tuangalie filamu moja pamoja mpaka mwisho.

Niliacha shule wazazi walipofariki, niwalee hawa wawili. Filamu nilizozoea ni za kibanda umiza, banda la video la mtaani, ambako mtafsiri anazungumza Kiswahili juu ya sauti za Wazungu na kuwatania. Za mtandaoni wadogo zangu wameshanipendekezea tano, zote nzuri, zote bila mtafsiri.

"Hii ni kali, dada. Utalia," alisema wa chuo.

Maandishi ya Kiingereza yakapita chini mbiombio. Wadogo zangu wakacheka.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Subiri kidogo, dada."

"Mama huyu analia nini?" bibi akauliza.

"Bibi nawe! Hadithi ndefu."

Nikaisimamisha. "Hicho Kiingereza nimekilipia ada mimi. Mmoja wenu asimame atafsiri."

Binti akasimama kando ya televisheni. "Mama analia, mume kauza nyumba bila kumwambia! Bibi, ungemfanyaje?"

"Ningemfukuza na mwiko!"

Hatimaye nikacheka nami. Ndipo picha ikaganda. Bando lilikuwa limekwisha; kumbe wa chuo alikuwa amelitumia kupakua mechi asubuhi.

Wakatawanyika. Mpaka leo nawadai nusu ya filamu iliyobaki, na mtafsiri wake.