Picha ya Ubongo Iliyokwenda Ulaya

Juma lililopita, katika korido ya hospitali moja hapa Uvira, nilikaa karibu na mwanamke wa Sange aliyemleta mama yake mzee, ambaye ameanza kupotea njia ya shamba lake la mpunga. Watafiti wa hapa na wenzao wa Ulaya walishampiga picha ya ubongo, ili ugonjwa wa kusahau ugunduliwe mapema.

"Munganga, majibu iko wapi?" binti akamuuliza daktari aliyekuwa akipita.

Daktari akajikuna shingo. "Picha iko Ulaya, mama. Tuliwaandikia, wamenyamaza. Nafikiri walitusahau."

Bibi akamshika mkono kwa huruma. "Usiwakasirikie, mwana wangu. Hii ugonjwa inaanzaka vile."

Korido nzima tukacheka, isipokuwa binti. "Sasa namurudisha Sange na nini?"

Siku hizi hata majibu yetu yanaishi ng'ambo.