Mbogo wa Langoni

Kwa wiki tatu nilikosa usingizi kwa sababu ya swali moja: nikimwambia baba mdogo maana ya jina lake, nitakuwa nimemwambia kwa faida yake au kwa faida yangu? Nilijiambia kwamba mtu ana haki ya kujua anaitwa nani. Halafu nikajiuliza mbona haki hiyo niliikumbuka wakati nalala kwenye kochi lake.

Baba mdogo, ndugu wa baba yangu, ni mtu wa Tanga, lakini London watu wetu wote walimjua kwa jina la Mbogo. Alilipata Uskoti. Kabla ya kuhamia huku alisomea ufundi wa mitambo katika mji mdogo wenye klabu ndogo ya mpira, na kipa wao alipovunjika kidole katikati ya majira ya baridi, yeye akawekwa langoni mpaka msimu ukaisha.

"Uwanja mzima ulikuwa unaniimba," alipenda kusema. "Tati-bogo, tati-bogo."

Alieleza kwamba aliwahi kuwasimulia wenzake bwenini habari za mnyama mkali wa kwetu anayeitwa mbogo. Hilo "tati" alisema ni Kiskoti, maana yake "wetu". Mbogo wetu.

Nilihamia kwake Wembley nilipomaliza chuo, nikiwa na shahada ya historia na sina kazi. Historia ya klabu ile niliijua kabla sijaizoea njia ya kwenda kituoni. Ilianzishwa na wafumaji wa kiwanda cha nguo. Uwanja wao una mteremko, na mpira ukitoka upande wa chini unaingia mtoni, hivyo zamani palikuwa na mzee aliyekaa ukingoni na wavu wa kuuopolea. Jukwaa liliwahi kuungua. Waliombwa waungane na klabu ya mji wa jirani wakakataa, na mpaka leo miji hiyo haisalimiani vizuri. Kila Jumamosi tulitakiwa tunyamaze wakati baba mdogo anasubiri matokeo kwenye kompyuta, huku chini ya dirisha letu maelfu wanapita kuelekea uwanja mkubwa. Hao aliwaita mashabiki wa televisheni.

Mimi siku za mechi nilikuwa nauza chipsi ndani ya uwanja huo mkubwa. Wageni wakija nyumbani, baba mdogo ananiagiza maji, na nikiingia na trei anauliza, "Msomi, leo historia imekuuzia chipsi ngapi?" Wageni wanacheka. Mama mdogo, mke wake, alihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Baba mdogo aliwaambia wageni wasikae karibu na mkewe kwa sababu anarudi na harufu ya watu wanaokufa. Mkewe akizungumza Kiingereza, yeye anamkatiza kumsahihisha. Mama mdogo hakuwahi kujibu zaidi ya maneno matatu, kwa sauti laini, huku anammiminia chai: "Sawa, Mbogo wangu."

Kisha klabu ikatangaza kwamba inatoa kitabu cha historia yake. Baba mdogo alikodi ukumbi Neasden wa kukisherehekea, akaalika watu, akaenda Stratford kuchapisha jezi yenye jina MBOGO mgongoni. Mimi niliamriwa nimwandikie katibu wa klabu kumwomba ukurasa unaomhusu baba mdogo, niutafsiri, niusome siku ya sherehe.

"Kama ulivyoandikwa," alisema. "Usinitilie maneno yako ya chuo."

Katibu, mwalimu mstaafu mwenye adabu nyingi, aliutuma. Siku zote baba mdogo alisema yumo kwenye historia ya klabu, na kweli alikuwemo. Ukurasa ulisema kwamba msimu ule mbaya walimtumia kipa mwanafunzi kutoka Afrika, aliyekuwa anasimama ametanua mikono, amekakamaa kwa baridi, mipira inampita. Washabiki wakamwita tati-bogo. Jina likabaki kama msemo: hata leo kipa akifungwa kizembe, wazee wa mji ule husema amefanya tati-bogo. Kwa kuwa nilikuwa mgeni wa lugha yao, katibu alinifafanulia chini. Tati ni viazi. Bogo ni zimwi. Zimwi la shamba la viazi, yaani sanamu la kutishia ndege.

Nilikuwa ndani ya basi. Nilicheka mpaka mama mmoja akahama kiti. Wiki ile nikaanza kumwita Mbogo mezani, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, na yeye akafurahi, akasema naanza kuwa na heshima. Kila nilipolitamka nilisikia utamu kinywani. Utamu huo ndio ulionitisha, nikaenda kumwonyesha mama mdogo ule ukurasa.

Alikuwa anakunja sare zake. Hakufika hata nusu.

"Najua," alisema.

Bibi mmoja wa Kiskoti aliyekuwa akiogeshwa na mama mdogo kazini ndiye aliyemweleza, mwaka alipozaliwa mtoto wao wa kwanza. Mtoto huyo sasa ana mke na watoto.

"Nilirudi nimekusudia kumwambia," alisema. "Nikamkuta anawaambia wageni kwamba nanuka. Nikasema, karibu chai, Mbogo wangu." Aliweka sare juu ya sare. "Starehe yangu katika nyumba hii ni hiyo moja. Usiniharibie."

Nikamuuliza, na ukumbini je?

"Ukumbini wewe utasema mbogo. Watu watapiga makofi. Mimi nitapiga kuliko wote."

Alikuwa ametulia kabisa, kama mtu anayepanga mboga za kesho. Nilifikiri juu ya utulivu ule siku nyingi. Nikimwambia mzee ukweli, namnyang'anya mama mdogo kitu pekee alichobaki nacho. Nikinyamaza, nami nitakaa meza ile mwaka baada ya mwaka, nikimnyenyekea usoni na kumla kisogo, mpaka niwe na sauti laini kama yake. Nilijua ningeiweza kazi hiyo. Nilikuwa nimeshaianza.

Asubuhi ya sherehe nilimkuta sebuleni amevaa fulana, anaipiga jezi pasi mwenyewe kwa sababu hakutuamini. Utangulizi wote nilioukariri ulinipotea. Nikauweka ukurasa kando ya pasi.

"Baba mdogo, haikuwa mbogo. Walikuita sanamu la kutishia ndege."

Aliusoma mara mbili, kwa kile Kiingereza chake kizuri. Pasi ilikuwa bado juu ya jezi na herufi zikaanza kunuka plastiki.

"Walikuwa wananipigia makofi," alisema.

"Walikuwa wanacheka."

Aliiinua pasi. Nusu ya jina ilikuja nayo. Nilitegemea atanitukana, na pengine nilitaka anitukane ili nipate pa kuanzia hasira. Akaniuliza kwa sauti ya chini sana, "Nani mwingine anajua?"

Swali hilo, katika wiki zote tatu, sikuwa nimelifikiria. Kabla sijajibu, mama mdogo aliita kutoka jikoni.

"Mbogo wangu, chai inapoa."

Baba mdogo alikuwa ananitazama, anangoja. Nikanyoosha kidevu kuelekea jikoni.