Nilisikia Jina la Baba Redioni, Nikangoja Matokeo ya Pikipiki

Kosa ni langu, na lilianza Jumapili, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Saa naijua kwa sababu niliitazama ukutani. Niliitazama kwa hofu ya kufumaniwa, si kwa hofu ya Mungu.

Mimi ni msichana wa kidato cha pili, kwetu ni Mabatini, hapa hapa Mwanza. Jina langu naomba lisitiriwe. Si mtu wa maneno. Mwalimu akiuliza swali ninalolijua, natazama chini mpaka aulizwe mwingine. Ndiyo maana naandika. Laiti mdomo huu ungefunguka siku ile, nisingekuwa na la kuandika leo.

Sitaki mnionee huruma. Nisikilizeni tu.

Ugonjwa wangu uliingia kwa njia ya daftari. Nasoma shule ya bweni ya watawa, na Sista mmoja Mwingereza huletewa magazeti ya kwao. Yakizeeka hutugawia tufunikie madaftari. Mwaka jana daftari langu la hesabu lilipata ukurasa wenye picha ya mtu ameilaza pikipiki kwenye kona, mguu wa kushoto chini, tope linaruka nyuma yake kama debe la uji lililomwagwa. Nikasoma maneno ya chini ya picha. Nikasoma tena. Kipindi cha hesabu kikaisha sijaandika namba hata moja.

Jamani, mchezo ule wa mbio za pikipiki! Wanaume wanne, mizunguko minne, na kila kona wanapinda kushoto. Pikipiki zao hazina breki. Hazina kabisa! Wa kwanza anapata pointi tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, wa mwisho anabaki na vumbi lake. Kila mji wa Uingereza una timu yake ndani ya ligi. Waswidi nao wana yao, watu wa Polandi yao, na mara moja kwa mwaka wakali wote hukutana katika fainali kumtafuta bingwa wa dunia.

Nikaanza kuwinda magazeti ya madaftari ya wenzangu. Nakupa mkate wangu wa asubuhi, unanipa jalada lako. Msimamo wa ligi nikaunakili kwenye kitabu changu cha siri, timu kwa timu. Wakanicheka bweni zima. "Njoni mumwone Mama Pikipiki! Hata baiskeli hajui!"

Kweli, hata baiskeli sijui. Lakini nikifumba macho, mimi niliye kimya kuliko wote, nilikuwa sina breki.

Nikamchagua mmoja wa kumshangilia, Mwaustralia, nikampa jina Namba Saba kwa namba iliyokuwa mgongoni mwake. Sikumpendea sura, maana kofia na miwani vilimfunika uso mzima. Nilimpenda kwa kuwa gazeti lilisema ni mtu asiyependa kuzungumza na waandishi.

Sasa niwaambie habari ya redio.

Baba yangu ni karani bandarini. Katika safu yetu ya nyumba ni yeye peke yake mwenye redio, ile inayotumia betri kubwa kavu, nzito kama tofali. Sheria yake ni moja, mtoto haigusi. "Redio hii si ya ngoma," husema. "Ni ya habari, na ya matangazo ya wagonjwa na vifo. Siku watu wangu wakinitafuta, watanipata hapa."

Watu wake wako Bukoba. Ndiko alikokuwa bibi yangu, mama yake baba.

Kila jioni saa kumi na mbili na nusu baba alifungua, majirani wakajaa barazani. Walisikiliza habari za uhuru wetu wa Desemba, kisha matangazo. Yakiisha, anafunga, anaifunika kitambaa kama mtoto aliyelala.

Likizo hii ndipo nilipogundua kwamba kuna stesheni ya Kiingereza ya ng'ambo inayosoma matokeo ya michezo Jumapili alasiri. Saa hizo baba yuko kwenye mkutano wa chama, mama yuko na kina mama wa parokia. Jumapili ya kwanza niliifungua dakika tano tu. Ya pili, nusu saa. Baadaye hata katikati ya wiki, wakiwa kazini na sokoni, niliifungua bila sababu, nikizungusha kitufe cha stesheni huku na huku, nasikiliza miluzi. Nilijua naimaliza betri. Sauti ilikuwa inapungua siku hata siku, na mimi nikawa nasogeza sikio.

Jumapili ya tatu ndiyo iliyokuwa zamu ya matokeo ya fainali.

Saa tisa na dakika ishirini nikafungua. Mshale ulikuwa bado kwenye stesheni yetu ya Kiswahili, pale baba alipouacha. Kabla sijaugeuza nikasikia jina. Jina la baba yangu, na la babu yangu nyuma yake!

"...wa Mabatini, Mwanza. Unaarifiwa kwamba mama yako mzazi ni mahututi na anakuita. Ukisikia tangazo hili, panda meli ya leo. Limetoka kwa dada yako, Bukoba."

Meli ya Bukoba huondoka Jumapili saa mbili za usiku. Ikikuacha hiyo, usubiri mpaka Jumatano.

Nilisimama. Nakumbuka nilivaa kandambili moja, nyingine sikuiona. Nikafika mlangoni. Alikokuwa baba ni mwendo wa robo saa, na kwa kukimbia ni chini ya hapo. Lakini pale kizingitini nikalisikia swali lake kabla hajaliuliza: "Wewe umelisikia wapi?"

Miguu ikakwama.

Na hapo likanijia shauri la kijanja. Matangazo hurudiwa jioni. Baba atafungua mwenyewe, atasikia mwenyewe, atawahi meli. Hakuna atakayeumia. Hakuna atakayejua.

Laiti ningezima hapo! Hapo hapo! Betri ingebaki na pumzi ya jioni, na leo ningekuwa na siri ndogo tu ya kitoto.

Sikuzima. Nikageuza mshale, nikarudi kwenye pikipiki zangu.

Nilingoja saa nzima na zaidi. Wakasoma mpira. Wakasoma kriketi, kriketi isiyokwisha! Wakasoma farasi. Bibi yangu yuko kitandani anamwita mwanawe, na mimi nimebandika sikio kwenye kitambaa cha spika nikiwaombea farasi wamalize upesi. Sauti ilikuwa imezama kama mtu anayesemea chini ya maji. Mwishowe wakafika kwenye pikipiki. Sentensi mbili tu. Nikazisikia zote mbili.

Kisha redio ikakata.

Nikaichomoa ile betri, nikaianika juani juu ya jiwe nyuma ya nyumba, maana nimeona watu wakifanya hivyo ipate joto irudi. Nikaigeuza upande huu na huu kama makopa ya muhogo. Nikapiga magoti pale kwenye jiwe nikaiombea betri kwa jina la Mungu. Betri! Bibi sikumwombea.

Saa kumi na mbili na nusu majirani wakaketi. Baba akafungua. Ukatoka mkwaruzo mdogo, kama panya kwenye dari, kisha kimya.

"Karani, kulikoni?" akauliza Mzee Masanja, jirani yetu muuza mkaa. "Redio yako nayo imegoma? Inadai nyongeza ya mshahara?"

"Iache mzee," mwingine akadakia. "Inatunza sauti ya uhuru."

Wakacheka. Baba hakucheka. Akaitoa betri, akaipima mkononi. "Nimeinunua mwezi huu huu."

"Hakuna aliyeigusa?" mama akauliza.

"Nani aiguse? Watoto wangu nawajua. Yule mwenye duka ameniuzia betri iliyolala."

Ee Mungu! Angenizaba kofi ingekuwa nafuu.

Nilikuwa nimesimama na sinia la vikombe. Nikasema, "Baba..."

"Naam, mama yangu."

"Chai iko tayari."

Ndivyo nilivyosema, wasomaji. Nilifungua kinywa kuokoa watu wawili, nikatoa chai.

Saa mbili honi ya meli ikalia kutoka bandarini. Baba akainua kichwa. "Ile ni ya kwetu," akamwambia mama. "Imenikumbusha. Kesho nitamwandikia mama kule Bukoba barua, siku nyingi hajanisikia."

Nami nikakusanya vikombe.

Jumatatu asubuhi baba akiwa anavaa viatu vya kazi, akaja Fundi Ramadhani, fundi cherehani wa Mkuyuni, rafiki yake wa zamani. Alipomwona akashika mlango.

"Karani! Wewe bado uko hapa?"

"Niwe wapi, fundi?"

"Bukoba! Si umetangazwa jana, mchana na jioni? Mimi nimepita kumpa shemeji pole ya mgonjwa, nikijua wewe saa hizi unashuka melini."

Baba alikaa chini. Kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi.

Hakungoja meli ya Jumatano. Akavuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga siku ile ile, akadandia lori mpaka Geita, jingine kuelekea Biharamulo. Hilo likaharibika porini, wakalala hapo. Alifika Bukoba Jumatano mchana. Bibi alikata roho Jumatatu jioni, akazikwa Jumanne. Angepanda ile meli, angekuwa naye Jumatatu kutwa. Kutwa nzima!

Shangazi alimweleza kwamba asubuhi ile ya Jumatatu bibi aliomba asogezwe karibu na mlango, maana meli ya mwanawe imefika. Wakamsogeza. Mtu aliyetumwa bandarini kumpokea baba akarudi peke yake.

Na dada zake hawakumwamini. "Mwanza nzima imesikia, mwenye redio ndiye hakusikia?" Wakasema ameona mikutano ya siasa ni bora kuliko mama yake. Wakamwambia hayo makaburini, mbele ya watu.

Baba aliyerudi si yule aliyeondoka. Betri mpya amenunua, lakini redio haifungui. Majirani hawaji tena jioni. Na yule mwenye duka, mtu wa watu asiye na kosa, baba hupita mbele yake bila salamu.

Mimi? Nilichana kile kitabu changu cha ligi, nikakitia jikoni. Nikadhani nimetubu. Kumbe nimechoma karatasi tu. Siku zikapita, kila siku najiambia kesho, na likizo inakwisha.

Kisha Alhamisi iliyopita ikaja barua ya shangazi. Ukoo umekaa. Misa ya arobaini ya bibi itasomwa, lakini baba asihudhurie, nafasi yake ya mtoto wa kwanza ataishika mdogo wake. Baba akaisoma mara mbili, akaikunja, akamwambia mama kwa sauti ya chini, "Wana haki. Huenda kweli sikutaka kusikia. Huenda ile redio nilikuwa nayo kwa fahari tu."

Hapo nilihisi kama nimenyweshwa maji ya moto. Baba yangu ameanza kuliamini kosa langu kuwa lake!

Ndugu zangu, hasa nyinyi wenye umri wangu. Si mchezo ulioniponza. Mpende pikipiki, mpende mpira, mpende mnachotaka. Kilichoniponza ni kuogopa swali moja la baba. Ukiogopa kuulizwa, utamwacha mtu afe akitazama mlango, na wewe umeshika sinia. Usiseme jambo litajisema lenyewe jioni. Jioni huja na mambo yake. Kimbia na kandambili moja, fika, sema, upigwe! Fimbo ina mwisho. Hili langu sioni mwisho wake.

Kesho yake baada ya ile barua, Ijumaa asubuhi, nilimkuta baba uani ananyoa ndevu, kioo kimetundikwa kwenye nguzo.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama."

"Baba, lile tangazo nililisikia mimi."

Nikaeleza. Nilieleza yote, sijawahi kusema maneno mengi namna ile maishani mwangu. Magazeti ya madaftari, Namba Saba, betri juani, chai. Yeye amesimama tu na wembe mkononi, povu linamkauka shavuni.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Saa tisa na dakika ishirini."

Midomo yake ilicheza, kama anahesabu mpaka saa mbili. Kisha akauliza, bila kugeuka, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Na huyo mtu wako wa pikipiki. Alishinda?"

"Hapana, Baba. Alikuwa wa tatu."

Akatikisa kichwa. Akarudi kwenye kioo, akamalizia shavu lililobaki, akaenda kazini bila chai. Hakunigusa.

Mimi nikaketi mezani nikamwandikia shangazi, kurasa nne, nikamwomba azisome mbele ya ukoo wote. Kwenu nimeficha jina. Kule nimeliandika lote, la kwangu na la baba, chini ya kila ukurasa. Kisha nikaipeleka barua posta mwenyewe, mbio, kabla miguu haijakumbuka kukwama.