Kurasa Nne za Ngamia Wawili

Wasomaji wangu hupenda kuniuliza ninakowapata wauaji wa vitabuni mwangu. Huwaambia nawaokota magazetini, wanacheka, yanaisha. Ni uongo, na nimeuchoka. Nimezichoka pia hadithi zangu mwenyewe, ambamo mhalifu huficha na mpelelezi hufichua, mpaka ukurasa wa mwisho kila mtu analala salama. Uhalifu pekee ninaoujua kwa karibu haukuwa na cha kufichua. Yule mtu alisema kila kitu, nami nikaandika.

Nilikuwa karani Garissa, kijana wa bara niliyepelekwa huko mwaka wa pili wa vita vya mashifta, waasi waliotaka eneo hilo lijitenge na Kenya. Ofisi yetu sitaitaja. Kazi yangu ilikuwa kuandika taarifa za watu waliokuja kulalamika: mbuzi kaibwa, duka limevunjwa, fulani kampiga fulani. Mimi nilijiona mwandishi aliyetupwa kwenye vumbi, basi kila taarifa niliipamba. Wenzangu walinitania kwamba hata kuku akipotea, kwangu atapata sura tatu.

Asubuhi moja akaingia mfugaji mmoja, mtu mzima, aliyekuwa amehama kutoka upande wa Hadado kufuata malisho. Ngamia wake wawili walikuwa wamepotea. Alifuata nyayo zao mpaka karibu na Galbet, zikamponyoka kwenye njia ya malori. Alitaka tumsaidie kuwatafuta. Kiswahili chake kilikuwa cha soko la mifugo, nacho kilitosha.

"Salaam aleikum, karani."

"Aleikum salaam, mzee. Lete habari, zote."

Nilijua nilichokuwa nikikiomba. Miezi minane pale ilikuwa imenifundisha kwamba mfugaji wa Kisomali akiulizwa habari za safari hajibu "nzuri" akanyamaza kama sisi. Hutoa zote: mvua imenyesha wapi, kisima gani kimekauka, amekutana na nani, wakielekea wapi. Kumnyima habari mtu aliyekuuliza ni aibu, kwani kesho huenda yeye ndiye atakayekuambia maji yaliko. Kwa ngamia wawili ilitosha kuuliza rangi, alama na mahali. Mistari sita, basi. Mimi nikavuta kiti.

"Tulikuwa kisimani," akasema. "Watu tano ilikuja, na bunduki. Mimi nilibatia wao maziwa."

"Uliwapa maziwa?"

"Mgeni akikuja, kwanza nabatia maziwa. Jina nauliza baadaye."

Moyo ulinidunda kwa furaha, na ninaona haya kuiandika furaha hiyo. Hatimaye hadithi! Nikamchimba: bunduki za namna gani, walikaa muda gani, walisema nini walipoaga. Hakusita hata mara moja. Alinijibu kwa adabu, akingoja nimalize kila mstari ndipo aendelee. Zikatoka kurasa nne, safi, na sikuongeza hata neno. Nikampelekea mkubwa wetu kama mtoto anayepeleka daftari kwa mwalimu.

Ukurasa wa kwanza aliusoma kwa uvivu. Wa pili akakaa wima. Akaniuliza kama mtu huyu bado yupo. Nikasema yuko nje kwenye benchi. Siku hizo kumpa shifta hata maji ya kunywa kulitosha kukupoteza, na hilo nalo nililijua. Nilijua yote mawili, desturi yao na amri zetu, ila sikuyaweka pamoja mpaka nilipoona kidole cha mkubwa kimesimama kwenye neno maziwa.

Askari wawili walipomwendea, mzee aliinuka haraka, uso umemkunjuka. Alidhani wanakwenda kumtafutia ngamia wake. Akawatangulia mlangoni, akinyoosha fimbo kuwaonyesha upande nyayo zilikopotelea. Ningeweza kusema. Ningeweza kumwambia mkubwa kwamba kwao maziwa ni salamu tu, na kwamba mimi ndiye niliyemchokonoa. Nilikuwa na kazi, na mama yangu huko bara aliitegemea, na sababu nyingine ambazo mwoga hazimwishi. Waswahili husema mdomo huponza kichwa. Hapa mkono wangu uliponza kichwa cha mwenzangu. Lori liliondoka naye, na hakurudi tena.

Wiki kadhaa baadaye mkewe akaja. Kwao walikuwa wakibishana juu ya taarifa ile. Wengine walisema mumewe alipigwa mpaka akasema, wengine kwamba makarani wa bara wametunga.

"Soma, karani," akaniambia. "Kama si maneno yake, wazee watakuja kuongea na mkubwa. Wako tayari."

Nilikuwa nimejiwekea nakala, kwa sababu niliipenda. Nikaisoma yote, polepole, nikimwomba Mungu mama yule asikie kosa, neno moja tu ambalo mumewe hangelitamka. Ningelikubali hapo hapo. Ningesema nimetunga, na wazee wangepata la kushika. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipofika kisimani alitabasamu kidogo. Nilipomaliza alijifuta macho kwa mtandio.

"Ni yeye," akasema. "Hifi ndifyo anaongea, kila kitu. Wazee sasa hawana la kusema." Akasimama, akanitazama bila chuki yoyote. "Umeandika fizuri, karani."

Nikasema asante.